Mahindi na Maharagwe: Namna ya Kulinganisha Muda wa Wakimbiaji Wako

Miaka mitatu iliyopita nilikuwa na nafasi moja ya mita 800 kwa wasichana, na wasichana wawili wanaoistahili. Mmoja anatoka Bahati, mwingine Njoro, na humu nitawaita hivyo hivyo. Mimi ni mwalimu wa hisabati hapa Nakuru na jioni hufundisha riadha, kwa hiyo uamuzi ulikuwa wangu. Nilifungua daftari, nikatafuta muda bora wa kila mmoja. Wa Bahati alikuwa na 2:13.8, wa Njoro 2:15.6. Nikamchukua wa Bahati, na kwa vile ana mbio nzuri fupi, nikamwandikisha na mita 400 asubuhi ya siku hiyo hiyo.

Mchana aliongoza mzunguko wa kwanza. Alipofika mita 600 mabega yakapanda, hatua zikafupika, na wenzake wakaanza kumpita mmoja mmoja. Alimaliza wa saba. Nilimkuta ameketi kwenye nyasi, uso ameufunika kwa fulana. "Mwalimu, miguu imekataa," akaniambia. Sikuwa na la kumjibu siku ile. Jibu nililipata wiki mbili baadaye, na lilikuwa ndani ya daftari lile lile nililolifungua na kulifunga baada ya kusoma namba mbili tu.

Ninayoyaandika hapa ni kwa mwalimu, kocha wa kijijini au mzazi mwenye stopwochi na daftari. Huhitaji mashine ya maelfu ya shilingi. Unahitaji kuandika vizuri, na kujua hesabu nne au tano za kidato cha pili.

Anza na daftari lenyewe. Muda ukiwa peke yake hautoshi. Kando ya kila muda andika tarehe, uwanja, saa ya siku, hali ya hewa, nani alishika saa, na mwisho kabisa, mkimbiaji alikuwa amefanya nini kabla ya mbio hizo: alikimbia mbio nyingine, alisafiri, aliamka na homa, alikosa chakula cha mchana. Safu hiyo ya mwisho watu wengi huiruka. Naomba usiiruke.

Halafu geuza kila muda uwe sekunde tupu kabla ya kufanya hesabu yoyote. Hapa ndipo nimeona makosa mengi kuliko mahali pengine popote, hata kwa walimu wenzangu. Dakika moja ina sekunde 60, lakini kikokotoo hakijui kuwa umeandika dakika. Chukua mkimbiaji aliyekimbia 1:58 na baadaye 2:02. Wastani wake ni 2:00 kamili, hata mtoto anaona. Sasa andika 1.58 na 2.02 kwenye kikokotoo, jumlisha, gawa kwa mbili: kitakupa 1.80. Hiyo 1.80 ni nini? Si dakika moja na sekunde 80, wala si dakika moja na sekunde 48. Ni namba isiyo na maana, na nimewahi kuiona namba ya namna hiyo imebandikwa ukutani kama matokeo. Kwa hiyo 1:58 andika 118, na 2:02 andika 122. Ukimaliza hesabu zote, ndipo urudi kwenye dakika.

Haya ndiyo mashindano manane ya kila msichana, yakiwa tayari katika sekunde, kwa mpangilio wa tarehe:

Wa Bahati: 133.8, 141.4, 134.6, 143.0, 135.2, 140.8, 134.2, 142.6.

Wa Njoro: 136.0, 136.8, 135.6, 137.4, 136.2, 136.6, 151.0, 136.4.

Kabla hujagusa kikokotoo, zitazame namba hizi kwa macho. Mimi nilizitazama pamoja na wanafunzi, nje, chini ya mgrevilea ulio kando ya uwanja. Tulichora mstari mrefu kwenye vumbi kwa kijiti, tukaugawa kwa vipande sawa kuanzia sekunde 133 hadi 151. Kila muda wa msichana wa Bahati tukauwekea punje ya mahindi mahali pake, na kila muda wa msichana wa Njoro punje ya haragwe. Kazi ya dakika tano.

Maharagwe saba yalikusanyika karibu kugusana, kati ya 135 na 138. Moja lilikaa peke yake mbali kabisa, kwenye 151. Mahindi nayo yalijigawa mafungu mawili: manne upande wa kushoto, kati ya 133 na 136, na manne upande wa kulia, kati ya 140 na 143. Katikati hapakuwa na punje hata moja ya mahindi. Wanafunzi walinyamaza wakitazama. Kijana mmoja akasema, "Mwalimu, hawa mahindi ni kama watu wawili." Aliona kwa punje kile ambacho mimi sikukiona kwa mwaka mzima wa kuandika namba.

Ndiyo maana nasisitiza: chora kwanza. Kwenye vumbi, kwenye ubao, nyuma ya karatasi ya mtihani, popote. Hesabu zinazofuata ni za kupima kile ambacho jicho limekwisha kukuonyesha.

Sasa wastani. Jumlisha muda wote, gawa kwa idadi ya mbio. Za msichana wa Bahati zinatoa 1,105.6, na ukigawa kwa 8 unapata 138.2, yaani 2:18.2. Za wa Njoro zinatoa 1,106.0, na ukigawa kwa 8 unapata 138.25. Tofauti ni nusu ya sehemu moja ya kumi ya sekunde. Kocha anayetazama wastani peke yake atasema wasichana hawa ni sare, arushe shilingi. Lakini tazama tena mstari ule wa vumbi. Kwenye 138 hapakuwa na hindi wala haragwe. Wastani wa kila mmoja wao ni muda ambao hajawahi kuukimbia hata siku moja.

Kwa msichana wa Njoro sababu ni rahisi: ile 151. Siku hiyo alikanyagwa kisigino kwenye kona ya kwanza, kiatu kikatoka, akasimama kukivaa. Muda mmoja mbaya uliuvuta wastani wake wote karibu sekunde mbili. Katika hali kama hiyo tumia muda wa katikati, ambao vitabu vingine huuita mediani. Panga muda wote kutoka mdogo hadi mkubwa, uchukue ule uliosimama katikati. Mbio zikiwa shufwa, chukua mbili za katikati, utafute wastani wake. Kwa wa Njoro mbili za katikati ni 136.4 na 136.6, kwa hiyo muda wake wa katikati ni 136.5. Kile kiatu kingemchelewesha hata dakika nzima, namba hiyo isingesogea.

Na usidhani muda wa katikati ni ujanja wa walimu wa hisabati. Kanuni za riadha zenyewe zinautumia. Mbio zikipimwa kwa mkono na waamuzi watatu, saa mbili zikikubaliana, muda wa hizo mbili ndio rasmi. Zote tatu zikitofautiana, rasmi ni muda wa katikati. Hakuna anayetafuta wastani wa saa tatu, maana mshika saa mmoja aliyesinzia angeharibu matokeo ya mkimbiaji asiye na kosa.

Ukitaka kufanya zoezi kwa namba za watu wakubwa, chukua fainali ya mita 800 ya Olimpiki ya London mwaka 2012. David Rudisha alishinda kwa 1:40.91, rekodi ya dunia. Nyuma yake walifuata 1:41.73, 1:42.53 ya Mkenya mwenzake Timothy Kitum, 1:42.82, 1:42.95, 1:43.20, 1:43.32 na 1:43.77. Wastani wa wanaume hao wanane ni sekunde 102.65, na muda wa katikati ni 102.89. Wastani uko chini ya muda wa katikati, na hiyo ni alama ya vidole ya Rudisha: mtu mmoja aliyekimbia mbali mbele ya kundi anauvuta wastani upande wake. Huyo wa mwisho, Andrew Osagie wa Uingereza, kwa 1:43.77 yake angekuwa bingwa mjini Beijing mwaka 2008, ambako Wilfred Bungei wetu alishinda kwa 1:44.65. Nafasi haikuambii kasi. Nawarudishia wanafunzi jambo hilo kila wanapokuja kwangu wakilia kwamba wamekuwa wa nane.

Turudi Nakuru. Baada ya kujua katikati ni wapi, pima namba zimetawanyika kiasi gani. Njia ya haraka ni kutoa muda bora kutoka kwa muda mbaya: kwa wa Bahati, 143.0 kutoa 133.8 ni sekunde 9.2. Njia hii ni nzuri kwa mazungumzo ya uwanjani, lakini inategemea mbio mbili tu, na moja ikiwa ya kiatu kilichotoka, imeharibika.

Njia kamili ni mkengeuko wastani. Jina linatisha, kazi yenyewe haina ugumu. Tafuta kila muda uko umbali gani kutoka kwa wastani. Zidisha kila umbali kwa wenyewe, ili zile hasi zisizifute chanya. Jumlisha zote. Gawa kwa idadi ya mbio ukitoa moja. Kisha tafuta kipeuo cha pili. Kwa msichana wa Bahati, umbali wa kwanza ni 4.4, ukizidishwa kwa wenyewe ni 19.36, na ukiendelea hivyo hadi wa nane jumla ni 116.72. Gawa kwa 7 upate 16.67, na kipeuo chake ni kama 4.08. Maana yake ni kwamba kwa kawaida muda wake hutoka kwenye wastani kwa sekunde nne hivi, kwenda juu au kushuka.

Wa Njoro, ukijumlisha na ile siku ya kiatu, anapata 5.18. Ukiiacha nje, anapata 0.58. Nisomee tena namba hizo mbili. Siku moja ya kukanyagwa ilimfanya msichana mtulivu kuliko wote katika kundi langu aonekane kigeugeu kuliko wote. Kwa hiyo ukikutana na punje iliyojitenga, usiifute kimya kimya na usiiache bila maelezo. Ukijua sababu yake, na sababu hiyo haihusu uwezo wake wa kukimbia, fanya hesabu mara mbili, nayo na bila yake, uandike zote. Kama hujui sababu, iache ndani. Kufuta namba kwa kuwa inakuudhi ni kujidanganya, na kocha anayejidanganya atamponza mtoto wa mtu.

Ukiwa na simu yenye programu ya lahajedwali, haya yote yanakwisha kwa mistari mitatu. Weka sekunde kwenye safu ya B, kuanzia mstari wa pili hadi wa tisa, kisha andika =AVERAGE(B2:B9), =MEDIAN(B2:B9) na =STDEV(B2:B9). Lakini nakushauri ufanye kwa mkono angalau mara moja, ili ujue mashine inakupa nini. Na kama mkimbiaji ana mbio chini ya tano, achana na mkengeuko. Weka punje zako kwenye mstari, uzitazame, inatosha.

Sasa lile fumbo la mahindi. Mafungu mawili yaliyotengana namna ile karibu kila mara yanamaanisha kwamba umechanganya hali mbili tofauti kwenye kikapu kimoja. Nilirudi kwenye daftari na kusoma safu ya mwisho, nikiweka kidole kwenye kila mstari. Mbio nne za haraka: hakukimbia kitu kingine siku hiyo. Mbio nne za polepole: alikimbia mita 400 asubuhi. Zote nne, bila kukosa hata moja. Nikatafuta wastani wa kila fungu peke yake. Akiwa hajachoka, 134.45. Akiwa amekimbia 400, 141.95. Sekunde saba na nusu kamili, na mkono uliomwandikisha 400 ni wangu.

Kwa hiyo swali la nani ana kasi kati ya hawa wawili lilikuwa na majibu mawili. Bila mbio za asubuhi, wa Bahati anamshinda mwenzake kwa sekunde mbili hivi. Akiwa na mbio za asubuhi, wa Njoro anamwacha kwa zaidi ya sekunde tano. Muda bora peke yake ulinificha hilo, na wastani vilevile.

Kuna michanganyiko mingine inayotupotosha sisi wa huku. Wa kwanza ni mwinuko. Kisumu iko karibu mita 1,130 juu ya usawa wa bahari, Nakuru karibu 1,850, Iten karibu 2,400. Hewa nyembamba haimsumbui sana wa mita 100 wala 400, lakini kadiri umbali unavyoongezeka ndivyo mapafu yanavyodai. Olimpiki ya mwaka 1968 kule Mexico City, mita 2,240 juu, inafundisha vizuri. Kwenye mita 800 Ralph Doubell wa Australia alifikia rekodi ya dunia. Kwenye mita 10,000 Naftali Temu alituletea dhahabu ya kwanza ya Kenya kwa 29:27.4, wakati rekodi ya dunia ilikuwa 27:39.4. Mshindi wa Olimpiki alikuwa nyuma ya rekodi kwa karibu sekunde 108, na hakuna mwenye akili atakayesema Temu alikuwa mzembe. Kwa hiyo mbio za mita 5,000 za Kisumu na za Nakuru usizitie kwenye hesabu moja. Ziandikie kurasa mbili. Na ya Kisumu iandikie pia joto, maana saa nane mchana karibu na ziwa jua nalo linapunguza mbio.

Mchanganyiko wa pili ni saa. Anayepima kwa mkono hubonyeza akichelewa kidogo mwanzoni, kwa hiyo muda wake hutoka mfupi kuliko wa mashine. Kwa kawaida muda wa mkono huongezwa sekunde 0.24 kwenye mita 100 na 200, na 0.14 kwenye mita 400, ndipo ulinganishwe na wa mashine. Ukipima kwa mkono, panda hadi sehemu ya kumi inayofuata: saa ikisoma 2:16.42, andika 2:16.5. Na kwenye mita 100 usingoje mlio. Sauti huchukua karibu sekunde 0.3 kusafiri mita 100, kwa hiyo tazama moshi wa bastola, au mkono wa mwanzishaji ukishuka kama hamna bastola. Kwenye fainali ya mita 800 ya Olimpiki ya Paris mwaka 2024, Mkenya Emmanuel Wanyonyi alimshinda Marco Arop wa Canada kwa 1:41.19 dhidi ya 1:41.20. Sehemu moja ya mia. Kidole cha binadamu hakiwezi kuiona tofauti hiyo, wala hakiwezi kuamua kwa haki kati ya watoto wawili waliopishana kwa sehemu moja ya kumi katika mashindano ya shule. Ukiona pengo dogo hivyo, sema wamelingana, subiri mbio nyingine.

Swali ninaloulizwa mara nyingi na wazazi ni kama mtoto abaki kwenye 800 au ahamie 1,500. Huwezi kulinganisha sekunde za mbio mbili tofauti moja kwa moja. Linganisha umbali wake kutoka kwa kundi lake. Nina kijana anayekimbia 800 kwa sekunde 119, na kundi letu lina wastani wa 122 na mkengeuko wa 3. Yuko mbele ya kundi kwa mkengeuko mmoja. Kwenye 1,500 anakimbia sekunde 243, na kundi lina wastani wa 255 na mkengeuko wa 6. Yuko mbele kwa mikengeuko miwili. Mzee wake alitaka 800 kwa sababu ya Rudisha. Nilimkaribisha, nikamwonyesha hesabu hii polepole kwenye benchi la uwanjani, naye akaniomba karatasi ile aende nayo nyumbani.

Yule msichana wa Bahati nilimwita baada ya kumaliza hesabu zangu. Nilimwonyesha mafungu mawili, nikamweleza kwamba miguu yake haikukataa, mimi ndiye niliyeichosha, na nikamwomba msamaha. Msimu uliofuata alikimbia 800 peke yake, na wa Njoro akachukua nafasi katika 1,500. Daftari sasa lina safu ya mwisho pana kuliko zote, na kila mkimbiaji anaijaza mwenyewe kabla ya kuvaa viatu. Jumamosi iliyopita nilikuta wa Bahati ameandika: "Nimelala kwa muda wa saa nane, nimekunywa uji, sijakimbia kitu."